Ciarunji Alirudi au Hakurudi?

Benchi letu liko barazani pa duka langu hapa Kiritiri, mkabala wa soko la mbuzi. Mimi ni Mwongera, fundi wa nguo, Mmeru aliyekuja kutafuta kazi akazeekea hapa. Jua likianza kupoa Virginia huleta birika lake la kahawa, na wenyewe hujipanga: Ngari, tunayemwita Diwani kwa sababu alisimama kura akaanguka, na mzee Njiru, tunayemwita Kimya. Jioni hiyo ya mwaka wa tisini na saba mvua ilikuwa imekataa tena, na mtu akitaja njaa kwetu lazima atamtaja Ciarunji. Ciarunji ni mwanamke wa kitabuni, katika riwaya ya siku za mababu, aliyewaongoza watu wenye njaa kutoka huku kukavu hadi mlimani wakabadilishe mbuzi kwa chakula. Katika kiangazi cha themanini na nne, Nelius, mke wa Njiru, alitusomea riwaya hiyo hapa hapa, jioni baada ya jioni. Nelius sasa ni marehemu.

— Mnakumbuka siku mbuzi ya Ciarunji ilikufa? Virginia akauliza akimimina. Mimi nililia. Na zangu zilikuwa zimekufa zote, sikuwa nimelia.

— Mimi nilitukana yule tajiri wa nafaka, Diwani akasema. Nelius akafunga kitabu. Ati, "Diwani, ukitukana tena tunaenda kulala."

— Ukanyamaza?

— Ningefanya nini? Nilikuwa nataka kujua kama mto umejaa!

Ni kweli. Siku hizo tulikuwa tunakula mahindi ya njano ya msaada huku tukinung'unika. Lakini Nelius akifungua kitabu, nilisikia baridi ya mlimani mifupani, na harufu ya ndizi za kuchoma ambazo hakuna aliyekuwa nazo.

— Lakini hakurudi, Diwani akasema, akihamishia majani ya muguka aliyokuwa akitafuna shavu la pili.

— Nani?

— Ciarunji. Aliacha bwana yake mgonjwa ng'ambo hii ya Thuci, akaenda na watu. Maji yakimwagika hayazoleki. Na huo mto ulikuwa na maji mengi!

— Wacha uongo! Virginia akaruka. Alirudi na unga kwa kibuyu, akamkuta hai. Haba na haba hujaza kibaba. Hata kama alitembea pole, alifika.

— Mimi nakumbuka alimkuta ameoa, nikasema.

— Ameoa na ugonjwa?

— Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Fundi, upwa ni nini?

— Sijui. Tulifundishwa shule.

Diwani akaweka kikombe chini, kama mtu anayehutubia mkutano.

— Ukweli ni huu. Huko juu alifanywa chifu. Wazungu wakamwogopa, wakapindua barabara isipite kwake. Kwani mnafikiri kona zote hizi za kwenda Embu zilitoka wapi?

— Na mama yangu alisema sisi ni ukoo wake, Virginia akasema. Angalieni hii pua.

— Pua ya kitabuni?

Hapo tukasikia mtu akicheka mlangoni. Alikuwa Gatwiri, nesi mgeni, aliyekuja nimpunguzie sare.

— Samahani, wazee, akasema. Hicho kitabu kiko wapi?

Njiru, yule Kimya wetu, akajibu:

— Kiko kwangu. Juu ya kabati.

— Sasa mbona hamkisomi?

Diwani akageukia mbuzi wa soko. Virginia akafuta kikombe ambacho kilikuwa safi. Mimi nikakanyaga cherehani isiyo na nguo. Njiru akasimama, akaondoka bila kuaga.

— Sista, Virginia akanong'ona, aliyekuwa anasoma ni bibi yake. Tulimzika.

Gatwiri akajishika mdomo.

Tulidhani mzee amekasirika. Lakini alirudi, kitabu mkononi, kimefungwa kwa kitambaa cha kichwa cha Nelius. Gatwiri akanyoosha mkono asaidie kusoma. Njiru akatikisa kichwa, akakaa.

— Mimi sisomi kama yeye.

— Soma tu, mzee wetu, Virginia akasema.

— Enda mwisho, tujue! Diwani akasema.

— Hapana. Yeye alianza mwanzo.

Akasoma polepole, neno kwa neno, akirudia pale ulimi ulipokwama. Mimi nikazima redio ya dukani. Akafika pale wanawake wanafunga mizigo alfajiri, kidole kikasimama kwenye mstari. Sote tulijua kwa nini. Hapo kitabu kinasema tu kwamba waliimba, na Nelius alikuwa akifika hapo anaimba mwenyewe, wimbo wa mama yake, kwa Kimbeere cha huku.

Njiru alifungua mdomo, sauti ikakataa.

Diwani akatema muguka, akapangusa midomo, akauanzisha. Sauti mbovu kabisa. Virginia akaupokea, mimi nikafuata kwa Kimbeere changu cha kuokota. Mzee alingoja mpaka tukamaliza, akajifuta macho kwa kile kitambaa, akafungua ukurasa uliofuata.