Mstari Mmoja Kabla ya Chai

Tarehe 30 Juni, karani mkuu wa masjala yetu anastaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi mitano. Muda wote huo ameutumikia nyuma ya dirisha moja, na hakuna faili lililopita dirishani hapo bila kuandikwa kwenye rejista. Mkurugenzi mmoja aliwahi kuitwa arudi kutoka ngazini kwa sababu hakutia sahihi. Alirudi, akaitia.

Hayo yanajulikana. Lisilojulikana na watumishi wapya ni kwamba miaka kumi na mmoja iliyopita nusura tumkose.

Alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukapooza. Miguu ilipata nguvu, ulimi ukafunguka, lakini vidole vilikataa katakata. Masjala huendeshwa kwa kalamu; kwa hiyo mkuu wa utawala aliandaa barua ya kumstaafisha kwa sababu za kiafya. Karani aliomba miezi mitatu ajifunze kuandika kwa mkono wa kushoto. Alikubaliwa, kwa sharti kwamba atapimwa dirishani.

Alianza vibaya. Siku ya kwanza aliandika kurasa kumi, kiganja kikavimba, na kwa siku nne hakuigusa kalamu. Mkewe, ambaye ni mshonaji, alimweleza waziwazi kwamba hajapata kumwona mwanafunzi wa cherehani akianza na suti. Akampangia mstari mmoja kila asubuhi kabla ya chai. Bila mstari, hakuna chai. Alipojaribu kuongeza wa pili kwa siri, alinyang'anywa daftari. Ruhusa ya mistari miwili ilitoka mwezi wa pili.

Wenzake walimbatiza jina la Bwana Mstari, na kila asubuhi walimwuliza kwa upole wa uchokozi kama leo amekunywa chai. Aliporuhusiwa kuandika lebo, kila namba 3 aliyoiandika ilitazama nyuma. Mtu mmoja alileta kioo cha kunyolea akakitundika kwenye rafu, eti kwa wasomaji.

Siku ya kupimwa ilikuwa Jumatatu, siku ambayo mafaili hurudi kwa marundo. Mafaili sitini yalipaswa kuandikwa kabla ya saa saba mchana. Mkuu wa utawala alivuta kiti, akaketi pembeni. Saa sita na nusu yalibaki tisa, foleni ilikuwa imefika ngazini, na hakuna aliyetania. Karani hakuharakisha. Aliandika moja, kisha jingine. La sitini lilikamilika dakika mbili kabla ya saa saba. Mkuu aliisoma rejista nzima, akasahihisha namba 3 moja, kisha akaichana barua yake.

Baada ya hapo karani amefundisha makarani saba. Kila mgeni hupewa rafu moja ya kuijua kwa wiki. Anayedai apewe zote hupewa nusu rafu. Wote saba wapo kazini, na mafaili yanaonekana.

Anaondoka kwa tarehe iliyopangwa na sheria, si kwa tarehe iliyopangwa na maradhi. Bwana Mstari, asante kwa utumishi wako, na mama apokee shukrani zetu kwa ukali wake. Ukae na afya njema, na asubuhi zako sasa ziwe zako mwenyewe.