Apolonia Kurek, Aliyekuwa Kijana Akiwa na Miaka Sitini na Minane

Ndugu, majirani, na ninyi wa teatri, watu wa jukwaa, mliojipanga nyuma kwa mazoea: mimi ni Ludwika, mdogo wa marehemu. Nimeombwa niseme kwa ufupi, nami nitajaribu.

Apolonia, Pola wetu, alizaliwa hapa Radom tarehe 9 Februari 1951, siku ya mtakatifu wa jina lake, mtoto wa kwanza wa Stefan na Marta Gil. Tangu utotoni alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Padri alipopita kubariki nyumba baada ya Krismasi, Pola alimwuliza kama viatu vyake vinavuja na nani humfulia soksi. Mama alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapa mjini, kisha akasomea uigizaji na uchezeshaji wa vikaragosi katika mji wa Białystok hadi mwaka 1974. Urefu wake ulikomea mita moja na nusu, na teatri ya watoto ilipomwajiri mwaka 1975 ikampa nafasi za wavulana, kama ilivyokuwa desturi: mwigizaji mwanamke aliye mfupi alicheza watoto wa kiume mpaka magoti yagome. Alicheza yatima, wachunga bata, na msimu mmoja nungunungu.

Tarehe 16 Juni 1979 alifunga ndoa na Edmund Kurek, fundi wa taa wa teatri hiyo hiyo, aliyependa kusema kwamba alimchumbia Pola, yeye Pola akiwa bado amevaa kaptula ya jukwaani. Walijaliwa mwana mmoja, Wiktor. Edmund alifariki mwaka 2009, na Pola akastaafu miaka miwili baadaye.

Mwaka 2018 moyo ulianza kumsumbua, daktari akamwamuru apumzike. Majira hayo hayo teatri ilichagua mchezo kuhusu Tymek, kijana wa miaka kumi na mitano aliyeacha shule na asiyezungumza na baba yake. Pola akaenda kuuomba uhusika huo.

"Bibi Pola, una miaka sitini na saba," mwongozaji, Marcin Hajduk, alimwambia.

"Na Tymek ana kumi na mitano. Hapo katikati ndipo ilipo kazi yangu."

Alipewa muda mpaka mwisho wa Februari. Akishindwa, nafasi ingekwenda kwa kijana wa kweli. Mwanzoni alishindwa vibaya. Alibamiza milango, akapiga kelele, akatupa mkoba. Hajduk akamwambia, "Huyu si Tymek. Huyu ni bibi aliyechelewa basi." Pola alirudi nyumbani akilia, na mimi, nikiuhofia moyo wake, nilifurahi kimoyomoyo.

Kesho yake alivaa koti la Wiktor la zamani, akavuta kofia hadi kwenye nyusi, akakaa juu ya egemeo la benchi uani, miguu pale pa kukalia, kama vijana wanavyokaa. Jirani akafoka dirishani, "Wewe mvulana, shuka hapo! Hukufunzwa kwenu?" Pola alinieleza hayo akiwa na furaha kuliko siku ya harusi yake.

Kwenye benchi hilo ndipo alipokutana na Kacper, kijana wa jengo la Pola, upande wa ngazi ya tatu. Kijana alimtambua mara moja, ila hakuondoka. Aliomba kuuona mswada wa mchezo, ukamponyoka mkononi ukaanguka.

"Ukanyage! Ukanyage upesi!"

"Bibi, umerukwa na akili?"

"Mswada ukianguka sharti ukanyagwe, la sivyo onyesho linaanguka nao. Kanyaga, mwanangu, nina moyo mbovu mimi!"

Akaukanyaga kwa kiatu chenye matope, akicheka. Kisha akausoma.

"Hapa umekosea," alisema. "Baba akiingia, huyu hawezi kupiga kelele."

"Kwa nini?"

"Akipiga kelele, watagombana, basi, yameisha. Akinyamaza, labda ataulizwa."

"Wewe umenyamaza tangu lini?"

"Tangu tumzike mama."

"Na baba yako hajakuuliza?"

"Ananiuliza kama nimekula."

Pola alimwomba ruhusa ya kuutumia ukimya wake, na Kacper akakubali. Kisha Pola alimwomba Hajduk afute kelele zote za Tymek. Usiku wa kwanza wa onyesho, tarehe 6 Aprili 2019, alikunywa supu akiwa amempa baba mgongo, polepole mno, na ukumbi mzima ukawa unamsubiri yule baba aseme neno. Hakusema. Mimi nilitaka kupanda jukwaani nimzabe kofi.

Baba yake Kacper, Bwana Roman, dereva wa basi, alikuwa ukumbini kwa tiketi aliyoikuta juu ya meza ya jikoni. Baada ya onyesho alitusubiri kwenye mlango wa waigizaji, kofia mkononi.

"Mama, samahani. Yule kijana alikuwa anataka nini?"

"Mimi nimemwazima kwa jioni moja tu," Pola alisema. "Wa kwako yule pale kwenye ngazi. Muulize."

Akaenda. Sikusikia walichoambiana, wala Pola hakusikia, ingawa alijitahidi sana.

Alicheza hadi Juni. Tarehe 14 Novemba 2019, asubuhi, alifariki hospitalini hapa Radom kwa ugonjwa wa moyo, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Nilimpenda, na ninamlilia.

Ameacha mwana, Wiktor, na mkewe Iga, wajukuu wawili, Hania na Olek, na mimi. Jeneza limebebwa na wanateatri, pamoja na Kacper na Bwana Roman. Asubuhi ya leo hao wawili wamegombana kwa sauti kuu mlangoni mwa kanisa, kila mmoja akitaka kushika upande wa mbele. Watu waliwanyamazisha. Mimi niliwaambia wawaache.

Mungu amlaze dada yangu mahali pema.