Nélida Irigoyen, Aliyewatumia Watu Habari za Mto

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, Nélida Irigoyen alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 mjini Paysandú, nchini Uruguay, kando ya Mto Uruguay, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Baldomero na Mama Zulma, wote sasa marehemu. Alisoma hapohapo hadi sekondari, mwaka 1980 akaenda mji mkuu, Montevideo, kusomea uhandisi wa kompyuta, na hakurudi tena kuishi nyumbani.

Mwaka 1990 alifunga ndoa na Bwana Rubén Olascoaga, hawakujaliwa mtoto, na mwaka 2002 mume alikwenda Hispania kutafuta kazi, akawa anapiga simu kila Jumapili, kisha mara mojamoja, kisha kimya. Nélida hakumsema vibaya, ila Jumapili aliacha kupika.

Kazi aliyoipenda, katika ofisi moja ya huko Montevideo, ni kuwarushia watu wa bondeni kwa mtandao picha na vipimo vya mto, wajue maji yanapopanda. Watazamaji walipoongezeka, aliibadili programu itume data moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta bila kuinakili kwanza, kazi ikawa nyepesi, ofisi nzima ikampongeza. Lakini data ikitumwa hivyo, sehemu ile ya kumbukumbu hufungwa isiguswe mpaka mtandao umalize kuichukua, na kompyuta huweka kikomo cha kiasi kinachoruhusiwa kufungwa. Kikomo hicho Nélida hakukiangalia.

Tarehe 11 Juni 2019 mto ulipanda, maelfu wakafungua picha kwa pamoja, kikomo kikafikiwa, mashine ikakataa kutuma, ingawa kumbukumbu tupu ilikuwa tele. Ndipo kaka yake Waldemar, aliyebaki kwenye nyumba ya wazazi, akapiga simu.

"We Nélida, mto wako umeganda huku kwenye skrini. Nihame au nikae?"

"Hama, kaka, usingoje picha! Kosa ni langu."

"Na vitu vya mama je?"

"Viache! Toka!"

Waldemar alitoka na nguo za mwilini tu, nyumba ikaenda na maji. Nélida aliongeza kikomo, kisha akairekebisha programu ili ikikataliwa irudie kunakili kama zamani, polepole lakini bila kumwacha mtu, na picha haikukatika tena. Yeye ndiye hakutulia, alikataa mialiko, akanywa peke yake mbele ya skrini ile chai chungu ya kwao iitwayo mate, ambayo watu hunywa kwa kupokezana, na Waldemar alipomwita aje kula, alijibu, "Mto ukishuka, kaka," hata wakati wa ukame.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, Waldemar akahamia kwake, na wiki ya mwisho akamwambia kwamba nyumba ile hakuwahi kuililia. Nélida akaomba aongezewe supu. Alifariki tarehe 3 Februari 2024, mchana, kaka yake akiwa amemshika mkono.

Familia, ambayo sasa ni Waldemar peke yake, inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa ghorofa ya tatu, na wenzake wa ofisini ambao hivi sasa, mvua ikinyesha, wamemwachia mmoja wao zamu ili wengine waje kumzika.

Pumzika, Nélida, pumzika kwa amani, mto wanautazama wengine.