Saa Yangu ya Alhamisi

Zimeni hiyo redio, wanangu, mje mkae nilipo. Wewe mwalimu, vuta kiti upande huu wa sikio langu zima, na wewe kitindamimba wangu, acha kwanza hizo nguo, ukae hata ukingoni mwa kitanda, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili.

Ya mali ni mepesi. Chumba cha mbele, chenye kaunta na meza za pasi, ni cha kitindamimba, kwa sababu ndiye amekuwa akikifungua kila alfajiri tangu baba yenu atuache. Nyumba ni yenu wote wawili, na asiiuze mmoja bila mwenzake. Cherehani ni ya mwalimu, ingawa najua ataigeuza meza ya maua. Cheka, mwanangu. Kicheko chako nimekitamani siku nyingi.

Lakini nina kitu kingine, nacho ndicho kilichonifanya niwaite. Ni saa yangu ya Alhamisi.

Mlisema mengi kuhusu hiyo Alhamisi. Mwalimu, ulimwambia shangazi yako kwamba nimepata mchumba uzeeni, na uliposikia kumbe ninakwenda kwa mshauri nasaha, kwenye kile chumba cha juu ya duka la dawa, ukanijia juu: "Mama, watu watasema umerukwa na akili! Unampelekea mtu baki mambo yetu, kwani sisi hatuna masikio?" Masikio mnayo, mama. Ila kila nilipomtaja mdogo wako, yule wa kati, mmoja wenu aliwasha redio na mwingine alikumbuka nguo zilizoko kambani.

Siwalaumu, ndivyo mlivyolelewa. Mnakumbuka baba yenu alivyofanya shati la mteja likikataa kutakata? Alilipiga pasi vizuri, kola ikasimama, kisha akalikunja hivi na hivi mpaka doa likaingia ndani, na mteja akaondoka anashukuru. Tulikuwa madobi hodari. Na siku tangi la mvuke lilipopasuka likamchukua mwanangu wa kati, tulilikunja hilo nalo. Baba yenu alilikunja mpaka moyo wake ukasimama akiwa pale pale mezani, pasi mkononi.

Siku ya kwanza kwa yule mshauri nilianza na mapazia yake, nikamwambia yamepigwa pasi na adui. Alicheka, akanisogezea kiti cha dirishani. Hakunipa dawa, wala hakuniambia nijikaze. Aliniuliza tu mwanangu alikuwa anapenda nini. Wanangu, tangu tumzike, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo! Nikasema alipenda kupiga mluzi akichanganya wanga wa nguo, na alikuwa anakosea wimbo ule ule kila siku. Nililia mpaka nikaona haya. Alhamisi iliyofuata nikarudi, na nyingine, na pole pole nikaanza kulala usiku, nikaweza kupita pale palipokuwa na tangi bila kushika ukuta. Sikupona, nisiwadanganye. Nilianza kupona, nikiwa mzee, na huu ugonjwa ukanikuta njiani.

Basi kitindamimba, hiyo saa ni yako. Nimekwisha kusema na mshauri, anakungoja, kiti ni kile cha dirishani. Wewe ndiye uliyekuwa mlangoni na kapu la nguo tangi lilipopasuka, wewe ndiye uliyeona. Na dada yako mwalimu, kwa uchungu wake, akakuuliza mbele ya kaburi, "Wewe ulikuwa wapi?" Tangu siku ile huli naye meza moja, huongei ila na wateja, na unasimama pale pale aliposimama baba yako, unapiga pasi kwa mkono ule ule. Mwalimu, lile neno lifute. Sasa hivi, nikisikia.

Mbona unatazama sakafu?

Haya. Na wewe, mwanangu wa mwisho, sema utakwenda. Si lazima useme kwa sauti, tikisa kichwa tu. Yule mama mshauri hatakuhukumu, na usipokuwa na neno, anza na mapazia, bado ni mabaya.

Unafanya nini na hiyo shuka? Ni ile niliyoikoholea damu jana, nimeijua. Naiona mikono yako... hivi, na hivi. Doa limeingia ndani. Ikunjue, mwanangu. Ikunjue, niione. Jamani, mtoto huyu anaipapasa tu, kama anaipiga pasi kwa kiganja.

Nisogezeeni mto. Nikifa, nivalisheni lile gauni la bluu, msilitie wanga, linaniwasha shingoni. Nilazeni karibu na mwanangu, si karibu na baba yenu; baba yenu mwenyewe atanielewa. Mungu awalinde... awape mtu wa kuwauliza. Nyote wawili. Mwalimu, mkono wako uko wapi? Mpe ndugu yako, si mimi. Mimi naondoka.

Alhamisi, mwanangu, baba. Asubuhi. Ngazi zile... za nyuma ya duka la dawa... usigonge, mlango huwa wazi...

Nani... nani amewasha redio?