Upande wa Chini

Izime hiyo AC, Muhanna, inanivumia masikioni na sauti yangu haina tena nguvu ya kushindana nayo. Joto tutalivumilia. Mlango wa ukumbini uacheni wazi, na Veneranda asitoke, kwani yeye ndiye aliyenigeuza kitandani mwaka mzima na hakuna siri ya mwili wangu asiyoijua, basi na maneno yangu ayasikie. Njooni karibu, wanangu. Nadra kaa huku kichwani kwangu, Muhanna kaa miguuni, na kama hamtaki kutazamana, nitazameni mimi. Nimesali alasiri kwa kuashiria na macho, nimemshukuru Mola wangu, na sasa nnataka kuusia nikiwa na akili zangu timamu, kwa sababu kifo hakina miadi, na yule daktari jana alisimama nje ya mlango akimweleza Nadra kwa Kiingereza, asijue kuwa Kiingereza mimi nimekisomesha yeye hajazaliwa.

Ya mali ni mepesi. Nyumba hii ya Al Khoudh na kile kishamba cha mitende cha Sib alichoniachia baba yenu, Mungu amrehemu, ni mirathi. Kadhi atakugawieni, mafungu mawili kwa Muhanna na moja kwa Nadra, kama alivyoamrisha Mwenyezi Mungu, na asitokee wa kununa. Cherehani yangu na mikufu yangu nampa Veneranda katika thuluthi yangu, na akitaka kurudi kwao Bukoba akatiwe tiketi, pasipoti yake isishikwe na mtu hata siku moja. Deni la watu sina. Nna deni la Mungu, Ramadhani zilizonipita kwa maradhi. Lisheni maskini kwa ajili yangu, na msichelewe.

Sasa nakuja kwenye kinanda, hiyo piano yangu.

Kile pale ukumbini, mnakiona kwa mlango huu, kimefunikwa kitambaa cha kudarizi, na juu yake chetezo, maua ya plastiki na picha ya ndugu yenu Hatem. Nilitaka kumpa Nadra. Nikamwuliza shekhe, naye akanambia, "Bi Shariffa, zawadi ya mgonjwa wa mauti hukumu yake ni ya wasia, na mrithi hana wasia ila warithi wenziwe waridhie." Basi mrithi mwenziwe Nadra ni mmoja tu. Ni wewe, Muhanna. Usiporidhia, kinaingia mirathini, na kinanda hakikatwi mafungu matatu kama mkate wa mofa. Kitauzwa, na nnajua yupo mtu wa hoteli keshakuja kukipima, akakiweke pao kipigwe na kila mgeni anayengoja teksi. Kukulazimisha siwezi. Nnachoweza ni kukuhadithieni, mjue mnauza nini.

Nilikuwa mtoto Unguja, baba yangu akanipeleka kwa masista nikasome Kiingereza, nikarudi na kinanda. Aliyenifunza akiitwa Sista Klara, mtu wa Viyana huko Ulaya, mrefu, mkali, vidole vimempinda kwa baridi yabisi. Akiniweka kungumanga juu ya mgongo wa kiganja, nipige bila ya kuidondosha, na ikidondoka naanza upya. Na kila somo akinihadithia habari za mwanamke mmoja wa kwao, Rosina Waldhofer, aliyeishi zaidi ya miaka mia mbili nyuma, zama za mabwana wanaovaa nywele za bandia na kuzimwagia unga.

Huyo Bi Rosina baba yake alikuwa mpiga kinanda cha kanisani katika kijiji. Alipomwona bintiye, ambaye hafiki kwenye meno ya kinanda mpaka awekewe mito, anairudia nyimbo aliyoisikia mara moja tu, akampakia gari la farasi akenda naye Viyana. Huko aliwapigia wakubwa, wakampigia makofi na kumpa saa za dhahabu, lakini alipotaka kuuza sonata, tungo za kinanda alizozitunga mwenyewe, wachapaji wakamwambia jina la mwanamke halinunuliwi. Zikatoka kwa jina la mumewe, karani wa ushuru ambaye, akisema Sista Klara, alikuwa hajui kutenga baina ya nyimbo na mlango unaolia bawaba. Alitunga sonata nyingi, akatunga vipande vikubwa vya kinanda na fidla, na mchana kutwa akisomesha mabinti wa matajiri ili watoto wake wale. Kisha ikaja ndui, ikamchukulia watoto wote isipokuwa mmoja, na Bi Rosina akakifunga kinanda. Watu waliokuja kumpa mkono wa tanzia wakanong'ona: haya ndiyo malipo yake, mama gani huyu, anawaachia watoto yaya akenda kuchezea watu mikono. Naam, wanangu. Hata kule, hata zama zile, ulimi wa msibani ulikuwako.

Aliyekuja kukifungua ni yule binti aliyebaki. Alikaa upande wa juu akawa anabonyeza kwa kidole kimoja, anatafuta, hapati, mpaka mama yake asistahamili, akaja akakaa upande wa chini. Hapo ndipo alipoitunga nyimbo yake ya mikono minne, watu wawili kinanda kimoja, nyimbo ya taratibu, fupi, chai haiwahi kuchemka. Binti akampa upande wa juu, kazi ya kuimba. Mwenyewe akachukua upande wa chini, kazi ya kubeba. Wa juu ndiye anayesikiwa, Sista Klara akinambia, na wa chini ndiye anayeizuia nyumba isianguke.

Bi Rosina alikufa kizee, amesahauliwa. Karatasi za sonata zake zikafungiwa jibini sokoni. Hii moja ilisalimika kwa kuwa haikukaa katika karatasi, ilikaa mikononi mwa watu. Binti akamfunza mwanawe, na mwanawe wake, mpaka kwa Sista Klara, na Sista Klara kwangu, nami nikaivusha mpaka huku Maskati, na siku zile sina kinanda, nikiipiga juu ya meza ya kulia, baba yenu akinicheka. Mpaka akatokea Mwingereza anahama, baba yenu akakinunua chake, kikaletwa kwa gari la mboga, kikanuka vitunguu mwezi mzima. Wanaoijua nyimbo ile, ninavyojua mimi, wamebaki watu watatu duniani, na wote tumo chumbani humu.

Ndiyo, Muhanna, na wewe umo. Usiinamishe kichwa. Wewe ndiye wa kwanza niliyekufunza, upande wa chini, na kokwa ya tende juu ya kiganja kwa kuwa kungumanga hapa ghali. Ulipobaleghe wenzako wakakucheka, ukaacha. Lakini kabla hujaacha ulimshika Hatem vidole ukampa upande wako, hukumwachia mtu mwengine amfunze. Halafu wakawa wanapiga yeye na Nadra, kila Ijumaa baada ya chakula, na wewe ukijilaza pale kwenye zulia ukijidai umelala.

Maji, Vene. Kidogo tu. Ahsante, mwanangu.

Mwaka wa tisini na sita akafa Hatem, njia ya Barka. Ulimwosha wewe, Muhanna, kwa mikono yako. Ukaingia ndani kanzu yako ingali mbichi, ukakitazama kinanda, ukasema mbele ya wanawake wote waliokuja msibani, "Nyumba yenye kitu hiki, rehma itaingilia wapi?" Ukatoka. Nadra akainuka, akafunga kifuniko, akaweka ile picha juu, na tangu siku ile hakijafunguliwa, na nyinyi hamna maneno ila salamu za mlangoni.

Sibishani nawe hukumu ya vinanda. Wenye elimu wamebishana na hawajamaliza, na hesabu yangu naenda kuitoa mwenyewe, hivi karibuni. Lakini aliyemwua ndugu yako ni ngamia aliyekata barabara usiku, na ngamia yule hakuwa na khabari ya kinanda. Nnajua halikuwa neno la moyoni mwako. Mtu akitoka kumwosha nduguye hutafuta wa kumlaumu, na Mungu hawezi kumlaumu, basi akalaumu mbao. Ila heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, kwa sababu mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Na wewe Nadra, usijione umepona. Neno lile umelilea. Wengine hulea watoto, wewe umelea neno la siku moja, umelilisha likanenepa. Kila Ijumaa unakuja na kitambaa chako unakifuta kinanda vumbi, unanyanyua picha, unarudisha picha, hufungui. Na ndugu yako kila Ijumaa yuko nje anaosha gari, na anavuma nyimbo kwa pua. Hujui anavuma nini? Mimi kitanda changu kiko dirishani. Anavuma upande wa chini, Nadra. Tokea mwanzo mpaka mwisho, na pale mahala pake anakosea vilevile kama alivyokuwa akikosea ana miaka kumi.

Nimezika mtoto mmoja nikapotelewa na watatu. Hilo ndilo linaloniuma, zaidi ya maradhi haya. Nimelia sana katika chumba hiki, nikigeukia ukuta ili Vene asione, na Vene akiona.

Basi Muhanna, mwanangu, wa kwanza wangu, sema. Ridhaa haisomwi usoni, hutamkwa, na shahidi huyu hapa. Kinanda umeridhia apewe Nadra, au hukuridhia?

Nakungoja.

Usilie kwanza, sema kwanza.

Haya. Nimesikia. Vene kasikia. Nadra, umesikia? Mungu akuridhie, Muhanna, kama ulivyoniridhia. Njoo nikubusu. Inama, shingo yangu hainyanyuki.

Sasa wewe, Nadra. Zawadi haitimii mpaka ishikwe, na mpewaji aishike mtoaji angali hai. Nenda ukaishike. Toa picha, toa chetezo, fungua kifuniko, upige. Hapana, usinambie Hatem hayuko. Nnajua Hatem hayuko. Bi Rosina alipokuwa kizee na bintiye kaolewa mbali, akikaa peke yake akipiga upande wake, wa juu akauacha kimya, na wageni wakidhani akili zimemruka. Piga wako. Wa chini uache mtupu, Mungu anaujua.

Nenda, mwanangu. Lakini kabla hujenda, pokeeni nyote: nizikeni siku ile ile nikifa, msingoje mtu wa safari. Nilazeni karibu na Hatem. Msiniwekee jengo, jiwe la kawaida linatosha. Mitende ya Sib inyweshwe. Radhi zangu ziko juu yenu, za maziwa na za uchungu wa kuzaa, Mungu akupeni afya na imani, akupeni watoto wa kukuzikeni na si nyinyi kuwazika wao. Na wewe, Veneranda, ulipo na uendako, ufunguliwe milango. Semeni amin.

Ninyanyue mto, Vene. Hivyo. Basi.

Amefungua? Nasikia bawaba.

Ah.

Ndiyo huo. Chumvi imekila kinanda, maskini, sauti imepwaya... si kitu. Taratibu, Nadra. Hakuna anayetufukuza. Hapo sasa... hapo ndipo wa chini anapoingia. Uache. Uache mtupu, uhesabu, kisha...

Nani anaburura kiti, Vene? Macho yangu hayafiki huko.

Nani?

Usinambie. Nyamaza. Nasikia.

Hapana, Muhanna. Hapo unakosea... siku zote hapo hapo. Mkono wa kushoto, ushuke kwa jino moja. Msiache, msinikimbilie, mimi sipo mbali. Rudieni. Rudieni tu wanangu... nnasikiliza.