Zero ya Mjomba Kiyoharu

Treni ilikuwa ndiyo kwanza inatoka Shizuoka, na bwana aliyekaa mbele yangu alishaanza kusemwa. Alikuwa amepakata ndege ndogo ya plastiki, mfano wa Zero, ndege ya kivita ya Wajapani wakati wa vita vya dunia, aliyoiunda na kuipaka rangi mwenyewe. Mzee wa pembeni yake, ambaye hawakujuana hata kwa sura, alikuwa ameinama anachungulia kwenye kiti cha rubani.

"Umeharibu ndani," mzee akasema. "Kijani cha Zero zenyewe kilikuwa kimefifia, kama chai ya mwaka jana. Hiki chako cha tango."

"Mzee wangu, kopo limeandikwa rangi ya ndani ya Zero."

"Kopo liliwahi kurusha ndege?"

Bwana akashusha pumzi. "Jamani, siendi mashindanoni mimi. Nampelekea mama, Yaizu. Kesho Obon, wafu wanarudi nyumbani, na kaka yake, mjomba Kiyoharu, alifia ndani ya ndege kama hii. Mama mwenyewe macho yamekwisha, hata mabawa hatayaona. Sasa kijani cha nini?"

Nikajua hapo mzee atainamisha kichwa na kuomba radhi. Kweli akainamisha, akaomba radhi, kisha akauliza, "Na mjomba naye haoni?"

"Una matatizo wewe mzee!"

Treni ikasimama Yaizu. Nilishuka nyuma ya yule bwana. Alivuka daraja la stesheni huku anafoka peke yake, "Chai ya mwaka jana!", ndege kifuani, akaenda kusimama upande wa pili, kusubiri treni ya kurudi Shizuoka.