Historia ya Kija Joakim, Aliyepata Leseni ya Uuguzi kwa Jina la Klementina

Ndugu waombolezaji, viongozi wetu wa dini na wa serikali, baba zangu na mama zangu wa Kimali, na ninyi mliotoka Bariadi kwa basi la hospitali, mwangaluka. Najua baadhi yenu mliposhuka na kusoma jina lililoandikwa kwenye msalaba mliulizana kama mmekosea msiba, hamjakosea, aliyelala hapa ni yule yule Sista Klementina wa wodi ya wazazi, ambaye sisi tuliozaliwa naye tunamwita Kija, na kabla hajafariki alituagiza historia yake isomwe yote, isirukwe hata mstari, na isomwe na mdogo wake Mayige. Mayige huyo ndiye mimi, fundi pikipiki, sijawahi kusoma kitu mbele ya watu, na kwa kuwa historia ni ya marehemu na siyo yangu, nikifika kwenye habari zangu nitamtaja Mayige kama nitakavyowataja wengine, mtanivumilia.

Marehemu Kija Joakim Nkwabi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1990 hapa Kimali, wilaya ya Meatu, wakati huo tukiwa bado mkoa wa Shinyanga, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mzee Joakim Nkwabi, ambaye yupo mbele yenu, na mama Elina, ambaye alitutoka mwaka 2011. Mama alimzalia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kabla hawajafika zahanati, na marehemu alipokuja kuwa mkunga alipenda kuwatania wenzake kwamba katika wodi nzima ni yeye peke yake aliyekuja duniani bila kumsumbua mtu wa zamu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1998 na kumaliza la saba Septemba 2004, hakuchaguliwa kwenda sekondari, na hapo ndipo mambo yalipoanzia. Januari 2005 mzee Joakim alikwenda kwa mwalimu wa shule hiyo, ambayo sitaitaja jina, akamwambia huyu mtoto ana akili, haiwezekani akakae nyumbani kusubiri ng'ombe wa mahari, na mwalimu akafungua rejista akaona jina la Klementina Masanja, binti wa jirani yetu, aliyekuwa anaingia darasa la saba lakini ameozwa mwezi huo huo, jina likabaki halina mwenyewe. Wakati ule jambo hili lilifanyika shule nyingi, na wala hakuna aliyeliita uongo, waliliita kurudia darasa. Mwalimu alisema ni jina tu, mzee akaona ni jina tu, Klementina mwenyewe alipoulizwa akacheka akasema alichukue maana kule alikoolewa hawaliiti, na Kija mwenye miaka kumi na minne, kesho yake asubuhi, mwalimu alipoita Klementina Masanja, akaitika.

Kwa jina hilo alifaulu mwaka 2005, kwa jina hilo alisoma sekondari kuanzia 2006 hadi 2009 akapata daraja la tatu, na kwa jina hilo akasomea stashahada ya uuguzi na ukunga kuanzia 2011 hadi 2014, mzee akiuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine hadi zizi likabaki na ndama. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, vyote vilifuata jina la shule, baba akawa Masanja, na sisi wadogo zake tukabaki watoto wa Joakim. Tarehe 25 Oktoba 2014 alifunga ndoa na ndugu Methodius, afisa ugani wa pamba aliyehamishiwa kwetu kutoka Kagera, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Stephania aliyezaliwa Februari 2015, na Joakim mdogo aliyezaliwa Novemba 2019.

Nirudi kwenye leseni, maana wengi mnadhani mtu akimaliza chuo basi ni muuguzi. Siyo, kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na usipoufaulu hutambuliki, vyeti vyako unaweza kufungia maandazi. Marehemu aliufanya mara ya kwanza mwaka 2015 akiwa na Stephania mgongoni, akaanguka, akalia siku tatu, siku ya nne akaenda kuomba kujitolea katika zahanati moja huko Lagangabilili ili mikono isisahau, mchana anafunga vidonda vya watu bure, jioni anasoma, na mwaka 2016 akafaulu. Mayige anakumbuka siku leseni ilipotoka, dada yake alikuja nayo gereji pale Bariadi, akamwonyesha akiwa ameishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya oili, akasema mdogo wangu, sasa hata wakinifukuza wapi, mimi ni muuguzi. Alijitolea miaka miwili mingine bila mshahara, akaajiriwa tarehe 2 Julai 2018 kuwa Afisa Muuguzi Msaidizi wilayani Itilima, na mwaka 2021 akahamishiwa Bariadi, wodi ya wazazi, alikofanya kazi hadi alipozidiwa.

Kuna jambo wenzake wa Itilima watalikumbuka. Mwaka 2020 Klementina Masanja mwenyewe, yule wa kweli, alifika kujifungua mtoto wake wa sita, na marehemu ndiye aliyekuwa zamu, akamzalisha salama, kisha ikabidi aandike kwenye rejista, jina la mama Klementina Masanja, jina la mkunga Klementina Masanja. Walicheka wote wawili hadi mama akaambiwa atulie asije akaumia. Lakini usiku ule marehemu alimweleza mumewe kwamba alipokuwa anaandika aliogopa sana.

Tangu mimba ya pili marehemu alikuwa na shinikizo la damu, akalimeza pamoja na zamu zake kama wauguzi wengi mnavyofanya, msinikatalie, na tarehe 19 Januari 2023 akagundulika figo zote mbili zimeshindwa kazi. Akaanza kwenda Mwanza kusafishwa damu mara mbili, baadaye mara tatu kwa wiki, na madaktari wakasema ana umri mdogo, akipata ndugu wa damu wa kumtolea figo ataishi na kulea wanawe. Mayige alijitokeza, akapimwa Machi 2023, vipimo vikakubali kila kitu. Jamani, tulifurahi, mzee alichinja mbuzi.

Ndipo afisa ustawi wa jamii, kwa heshima kabisa na kwa mujibu wa kazi yake, alipoomba vielelezo vya undugu, kwa sababu sheria haitaki watu wauziane viungo. Mgonjwa ni Klementina binti Masanja, mtoaji ni Mayige mtoto wa Joakim, kabila moja, kata moja, lakini kwa karatasi hawana hata babu mmoja wa kuunganisha. Mayige alitaka kusema pale pale, dada yake akamkanyaga mguu chini ya meza, akamwambia afisa kwamba watakwenda kutafuta vyeti, wakatoka nje, na huko nje akamwapisha mdogo wake kwamba hatamwambia mtu yeyote kilichowakwamisha, hata shemeji.

Marehemu aliamini kwamba siku atakayoapa kuwa yeye si Klementina, leseni itafutwa, ajira itakwenda, na bima ya afya inayolipia kusafishwa damu itakwenda nayo, kwa hiyo atakuwa amejiua na kuwaaibisha wanawe kwa pamoja. Hakuna mtu aliyemwambia hivyo, si Baraza, si mwajiri, si mwanasheria, alijiambia mwenyewe, kwa kuwa miaka ya nyuma aliwaona watu wakiondolewa makazini kwa vyeti visivyo vyao, na tangu hapo kila bahasha ya serikali ilimtia hofu. Na Mayige alinyamaza. Wazee wangu, naomba hili mlisikie vizuri, alinyamaza miezi kumi na minne, anamwona dada yake anavimba, anakauka, anavimba tena, anaingia zamu akijishikilia kwenye vitanda vya wagonjwa, na shemeji Methodius anahangaika kutafuta mtoaji hadi kwao Kagera akidhani Mayige ameogopa kisu, na Mayige anakubali aitwe mwoga, kwa sababu ameapishwa.

Tarehe 20 Mei 2024 marehemu alianguka wodini akiwa amempakata mtoto mchanga, akaanguka kwa magoti ili mtoto asiguse sakafu, na alipozinduka akamwambia muuguzi mkuu wake kila kitu, kuanzia rejista ya mwaka 2005. Muuguzi mkuu hakumfokea, alichukua simu akauliza panapohusika, na jibu likapatikana siku hiyo hiyo kabla ya chai ya saa kumi. Aliambiwa mitihani ya sekondari, ya chuo na ya leseni aliifanya yeye mwenyewe, kwa hiyo aape, apeleke ushahidi, jina litarekebishwa na uuguzi wake utabaki. Dakika arobaini za simu. Marehemu alifunika uso kwa kanga akasema miezi yangu, miezi yangu.

Kuanzia hapo tulikimbia. Klementina alikuja Bariadi na mtoto mgongoni akaapa mbele ya hakimu kwamba jina ni lake na alilitoa kwa hiari, mzee Joakim naye akaapa huku analia, akaomba afungwe yeye, hakimu akamwambia akae. Barua zikatoka kwa mtendaji wa kijiji, zikaenda wilayani, zikarudi kwa kukosa mhuri, zikaenda tena, kitambulisho kikabadilishwa, bima ikabadilishwa, vinasaba vikapimwa, na kila karatasi ilikuwa na foleni yake, hakuna aliyetuonea, lakini mwili wa mtu hausubiri foleni. Leseni yenye jina la Kija Joakim ilitoka tarehe 20 Februari 2025, aliiona kwenye simu akiwa kitandani, akaomba isomwe kwa sauti. Upasuaji ukapangwa Jumanne tarehe 11 Machi, lakini moyo ulikuwa umekwisha kuchoka, na Jumapili tarehe 2 Machi 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, dada yetu akafariki dunia akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, zikiwa zimebaki siku tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na wa Bariadi, hasa muuguzi mkuu, inamshukuru mama Zamda wa duka la vitenge, jirani aliyepika uji wa mgonjwa na kulea watoto wetu kama wake miaka miwili bila kuulizwa, inawashukuru maafisa ugani wenzake na shemeji, na inamshukuru Klementina, yuko pale kwa akina mama, naomba mumtazame, ni mzima, ninyi mliotangaziwa kwamba amekufa. Wabeja sana. Shemeji Methodius, mbele ya watu wote hawa, Mayige anakuomba msamaha, hakuogopa kisu, alishika kiapo ambacho mdogo yeyote mwenye akili angekivunja siku ya kwanza.

Vijana wauguzi mliosimama kule nyuma na sare zenu, kama kuna mwenye jina la mtu, na najua yupo, asiondoke hapa bila kuzungumza na muuguzi mkuu, leo, kabla ya chakula.

Dada Kija, figo zangu zote mbili zinafanya kazi, na moja ni yako, nitatembea nayo. Pumzika kwa amani.